Nidhamu za Kiroho katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Kusali alfajiri, kufunga, kutafakari Maandiko na kuungama dhambi ni desturi za Ukristo tangu karne zake za kwanza. Katika miaka ya 1930, Rwanda na Uganda, desturi hizo zilipata uhai mpya miongoni mwa waumini wa kawaida wa Kanisa la Anglikana: walimu, wauguzi, wakulima na wake zao.

Uamsho huo kwa kawaida huhesabiwa tangu mwaka 1929. Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, na wawili hao wakaketi kufuatilia yale ambayo Biblia inafundisha juu ya Roho Mtakatifu, wakisoma na kuomba. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini, na huko alijitenga kwa muda katika maombi kabla ya kuanza kuhubiri kwa bidii iliyowashangaza waliomjua. Alifariki Januari 1936, wito wake wa kuliamsha Kanisa ukiwa umeshika kasi.

Kiini cha uamsho kilikuwa ushirika, yaani mkutano wa mara kwa mara wa waliookoka. Walisoma Maandiko, wakaomba, kisha kila aliyeguswa akasimama kutaja dhambi yake waziwazi. Hayo ndiyo waliyoyaita kutembea nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana. Aliyeungama alipokewa kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, ambao hadi leo huimbwa kwa lugha nyingi. Kuungama hakukuishia mdomoni: aliyeiba alirudisha mali, na aliyemchukia jirani alimwendea kupatana naye. Jambo zito zaidi, kwa nyakati zile za ukoloni, lilikuwa kumwona mmisionari Mzungu akimwomba Mwafrika msamaha mbele ya watu. Hakuna agizo la sinodi lililowahi kuwasogeza karibu Wazungu na Waafrika kiasi hicho.

Ukali wa nidhamu hiyo ulileta pia migogoro. Wapo waliowashutumu wachungaji wao hadharani, na wapo waliowahukumu wasioungama kama wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wamekataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao chuoni. Hata hivyo, wengi wa wanauamsho walibaki ndani ya Kanisa badala ya kuanzisha dhehebu jingine, na huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 ushirika ulikuwa umevuka hadi Kenya na Tanganyika, ukiwafikia Wapresbiteri na Walutheri. Katika miaka ya 1950 ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu, nchini Kenya, walikataa kula kiapo cha Mau Mau, harakati iliyopigana na ukoloni, wakisema damu ya Yesu imewatosha. Baadhi yao waliuawa. Festo Kivengere, aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, nchini Uganda, mwaka 1972, alilelewa katika ushirika huohuo.