Duka Likifungwa, Deni Hubaki



Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa Kampala tunalikumbuka duka la Nakumatt pale Oasis Mall. Lilifunguliwa mwaka 2009, na familia nyingi zilikuwa zikienda pale Jumamosi, watoto wakigombania kusukuma kigari. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu, kisha milango ikafungwa. Leo tuiangalie historia yake. Hatukusudii kumsema mtu, bali tujue mpangaji akiondoka huacha nini nyuma yake.

Kutoka magodoro hadi nchi nne

Jina Nakumatt limetokana na Nakuru Mattresses, yaani magodoro ya Nakuru. Lilianza kama duka la familia katika mji huo wa Kenya, likakua mpaka kuwa supamaketi. Mwaka 2008 liliingia Kigali, mwaka uliofuata Kampala, na mwaka 2014 lilichukua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania. Lilipofikia kilele lilikuwa na matawi zaidi ya 60. Misiba nayo ililikuta: moto wa Januari 2009 katikati ya Nairobi ulioua watu, na shambulio la Westgate la Septemba 2013.

Mali ya nani iko rafuni?

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno: mali kauli. Mwenye bidhaa humpa mwenzake bila ya kupokea pesa, naye hulipa akishauza. Dhamana ni kauli yake tu. Misafara ya zamani iliyokuja huku bara iliendeshwa sana kwa njia hiyo, maana mtu alijulikana, na ukoo wake ulijulikana.

Supamaketi hufanya vivyo hivyo. Maziwa, mkate na sabuni unavyoviona rafuni mara nyingi havijalipiwa. Duka huuza leo, humlipa aliyeleta baada ya miezi miwili au mitatu, na katikati hapo pesa hiyo hufungulia tawi jingine. Tawi jipya lisipouza vizuri, malipo huchelewa. Wanaoleta bidhaa wakisimama, rafu huwa tupu na wateja huhama. Kodi nayo haipatikani, na mwenye jengo hufunga mlango kwa kufuli.

Nakumatt ilipita njia hiyo hiyo. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, ikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, ambazo hazifiki hata asilimia 2 ya deni. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Na katika foleni ya kulipwa, benki yenye dhamana husimama mbele. Aliyepeleka maziwa kwa kauli husimama nyuma.

Haikuwa peke yake. Uchumi ilikwisha kufunga maduka yake ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015.

Kinachobaki

Nafasi ya duka hupata mrithi. Mwaka 2020 Carrefour ilifungua pale pale Oasis Mall, na mwaka 2021 ikachukua maduka ya Shoprite iliyoondoka Uganda. Ukuta hupakwa rangi, bango hubadilishwa, na baada ya mwezi mtoto hakumbuki lililokuwapo. Lakini mpangaji mpya harithi deni la yule wa kwanza.

Mama mmoja wa msikitini kwetu alikuwa akipeleka achari za chupa katika duka kubwa mojawapo. Asubuhi moja alikuta mlinzi na mnyororo mlangoni, kreti zake zikiwa ndani. Muhula ule mwanawe wa pili hakurudi shule. Ankara bado anazo, amezifunga kwa mpira ndani ya kopo la maziwa.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Tunajua pia kuwa Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Kampuni haina jeneza. Ikifa, hakuna anayesimama mbele ya safu kuuliza nani atalilipa deni lake. Hapo ndipo mali kauli ya leo inapotofautiana na ile ya wazee wetu.

Mwishoni mwa 2019 Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Ushindani ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo. Hilo ni jema, lakini nasi tujihadhari. Tuandike kila tunachopeleka na tupate sahihi. Tusiweke mzigo wote kwa mnunuzi mmoja. Mzigo wa kwanza usipolipwa, wa tatu usitoke nyumbani. Na sisi wenye viduka tumlipe mwenye mkate kabla ya kufikiria kupanua chumba, maana huenda ada ya mtoto wake imo katika daftari letu.

Allah (S.W.) atuwezeshe kulipa madeni yetu tungali hai. Amin.

Wabillahi tawfiq.