Chakula cha Karibu, Kahawa ya Mbali: Mlo wa Mwisho wa Juma Githurai 45

Mlo unaounganisha kiamshakinywa na chakula cha mchana, ambao Mwingereza Guy Beringer aliutetea katika makala ya mwaka 1895 kwa ajili ya watu wanaochelewa kuamka Jumapili, una mwenzake Githurai 45, ingawa hapa kinachochelewesha mlo ni kazi na ibada wala si usingizi. Jumapili, waumini watokapo kanisani, hujaa katika hoteli, jina ambalo nchini Kenya hupewa hata mgahawa usio na chumba cha kulala, wakaagiza supu ya mifupa, chapati, nyama choma au githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na chai iliyopikwa kwa maziwa.

Githurai 45, iliyopata tarakimu zake kutokana na nambari ya njia ya basi la Nairobi, imo upande wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu, karibu na reli ya Thika iliyoanza kazi mwaka 1913 ili kuwahudumia walowezi. Soko lake lilistawi penye makutano ya barabara, ambako malori hushusha viazi vya Nyandarua, nyanya za Kirinyaga na ndizi za Murang'a, na upanuzi wa Barabara ya Thika kati ya mwaka 2009 na 2012 ukazidi kuyasogeza karibu mashamba ya maeneo hayo. Mpishi asiye na jokofu hununua alfajiri atakachopika asubuhi hiyohiyo. Kinachouzwa kwingine kama mtindo wa kula vya karibu, hapa kimekuwa hesabu ya kawaida ya biashara ndogo.

Hata hivyo, si kila cha karibu kilipewa heshima. Managu na terere, mboga za kienyeji zinazojulikana pia kama mnavu na mchicha, zilidharauliwa kwa muda mrefu kuwa chakula cha maskini, hadi watafiti, akiwemo Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, kando ya Barabara hiyohiyo ya Thika, walipoonyesha thamani yake ya lishe. Desemba 2021, juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili ziliingizwa katika rejista ya UNESCO ya mifano bora ya uhifadhi.

Kinachokosekana mezani ni kahawa, na hilo ndilo la kushangaza zaidi, kwa kuwa majirani wa Githurai huitwa Kahawa Sukari na Kahawa Wendani. Zao hilo, lililopandwa na wamisionari huko Bura mwaka 1893, lilihodhiwa na walowezi, na Waafrika wa Kiambu hawakuruhusiwa kulilima kwa upana hadi miaka ya 1950, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni ulioitwa wa Swynnerton, wa mwaka 1954, ulipofungua mlango; na hata walipolilima, waliliuza nje na kunywa chai. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya Ruiru 11, inayostahimili chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mabichi, lakini faida yake ilikuwa ya mkulima na mnunuzi wa ng'ambo, si ya mlaji wa hotelini. Sasa mashamba ya kahawa ya Ruiru, yakiwemo yale yanayojengwa mji mpya wa Tatu City, yanageuka makazi kabla kinywaji chenyewe hakijazoeleka kwenye meza za Githurai.