Meza ya Harry na Florence Edmonds: Chimbuko la International House

Mwaka 1909 Harry Edmonds alikuwa kijana mtumishi wa YMCA, chama cha vijana Wakristo, jijini New York, akishughulika na wanafunzi wa vyuo. Asubuhi moja ya baridi, kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia, alipishana na mwanafunzi wa Kichina. Akamsalimu, akashika njia yake. Kijana yule alisimama, akamshukuru, akamwambia kwamba ana wiki tatu New York na Edmonds ndiye mtu wa kwanza kumsemesha.

Edmonds alikuwa ameshampita. Maneno yale yakamzuia asiendelee na shughuli zake, akageuka, akamrudia kijana, wakazungumza. Baadaye alimsimulia mkewe, Florence, na mume na mke wakaanza kuwaalika wanafunzi wa kigeni nyumbani kwao kwa chakula cha jioni siku ya Jumapili. Hawakuanza na harambee, wala hawakusubiri kamati. Walianza na meza yao wenyewe.

Meza hiyo ndiyo iliyozaa International House, yaani Nyumba ya Kimataifa, taasisi ambayo kwa karne moja sasa imewapa makao maelfu ya wanafunzi waliosoma mbali na kwao. Historia yake inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Tumewapeleka watoto wetu kusoma ugenini kwa vizazi kadhaa, na leo vyuo vyetu vinapokea watoto wa wenzetu.

Darasani wamo, mtaani hawana mtu

Miaka hiyo wanafunzi kutoka Asia walikuwa wakiongezeka Marekani. Baada ya Uasi wa Boxer, uliopinga wageni nchini China, kuzimwa, mataifa ya nje yaliitoza China fidia kubwa mwaka 1901. Marekani baadaye ilikubali kurudisha sehemu ya fungu lake, na fedha hizo zikatumika kuwasomesha vijana wa Kichina katika vyuo vya Marekani. Kundi la kwanza la vijana 47 lilisafiri mwaka huohuo wa 1909. Walikuwapo pia Wajapani, Wahindi, Wafilipino na vijana wa Amerika ya Kusini.

Kuandikishwa chuoni lilikuwa jambo moja, kupata pa kulala lilikuwa jingine. Katika miji mingi yenye vyuo, wenye nyumba walikataa kuwapangisha Waasia na watu weusi. Mwanafunzi aliweza kukaa darasani na wenzake mchana kutwa, kisha jioni akazunguka mtaa mzima akigonga milango isiyofunguka. Likizo ilikuwa na uchungu wake pia: wenzake walikwenda kwa wazazi, yeye akabaki katika mji asimomjua mtu.

Makanisa yalianza kuliona jambo hili. Mwaka 1911 John R. Mott, kiongozi mkubwa wa YMCA ambaye mwaka 1946 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, aliongoza kuundwa kwa kamati ya kujenga urafiki na wanafunzi wa kigeni. Watu wake waliwapokea wanafunzi bandarini meli zilipotia nanga, wakawasaidia kutafuta vyumba na kuwaunganisha na wenyeji. Viongozi hao waliona kwamba vijana wale ndio watakaoziongoza nchi zao kesho, na kwamba Ukristo watakaousimulia wakirudi kwao ni ule waliotendewa, si ule waliohubiriwa.

Sebule yajaa

Chakula cha Jumapili kilivuma. Mmoja alimleta rafiki, rafiki akamleta mwenzake, na muda si mrefu nyumba ya akina Edmonds haikutosha tena. Ndipo kilipoundwa chama cha wanafunzi wa mataifa mbalimbali kutoka vyuo vya New York, kikikutana kula, kusikiliza wasemaji na kufahamiana.

Hapo akina Edmonds walifanya jambo ambalo wafadhili wengi hushindwa kulifanya. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na ndivyo walivyowatendea wanafunzi wale. Chama kilikuwa chao, si mahali pa kukaa na kuhudumiwa. Waliandaa jioni za nchi zao, wakaimba nyimbo za kwao, wakabishana kuhusu siasa za dunia. Mjapani na Mchina, ambao nchi zao zilikuwa na uhasama, walipakua chakula kutoka sufuria moja.

Waliokaa pale walitoka katika dini mbalimbali, na hakuna aliyetakiwa kubadili imani yake ndipo apewe sahani. Edmonds alikuwa Mkristo na hakuficha. Lakini nyumba aliyoiota ilikuwa ya wote, na aliamini kwamba kuwakutanisha watu wasiojuana, wakaishi kama ndugu, ni kazi halali ya mfuasi wa Yesu.

Ndoto hiyo ilihitaji fedha. Edmonds alimwendea John D. Rockefeller Mdogo, mtoto wa tajiri wa mafuta na Mbaptisti aliyewahi kufundisha darasa la Biblia kanisani kwake. Rockefeller na mkewe Abby waliikubali kazi hiyo, na mwaka 1924 International House ya New York ikafunguliwa kwenye barabara ya Riverside Drive, kando ya mto Hudson, jirani na Columbia. Lilikuwa jengo kubwa la ghorofa, lenye vyumba kwa mamia ya wanafunzi, wanaume na wanawake, wageni na Wamarekani. Juu ya lango yalichongwa maneno yanayotamani udugu utawale. Chakula cha Jumapili kilihamia humo pamoja na wenyewe, kikaendelea kuwa kiini cha maisha ya nyumba.

Berkeley yapinga, mwanamke mweusi asimama

Rockefeller alipokubali kugharimia nyumba ya pili huko Berkeley, California, Edmonds alikwenda kutafuta kiwanja. Alichagua mtaa wa Piedmont Avenue akijua anachofanya. Hapo ndipo palipokuwa na nyumba za vyama vya wanafunzi ambavyo havikupokea wageni wala watu wasio Wazungu. Alitaka kuupeleka udugu mlangoni kwa ubaguzi wenyewe.

Mji ulichemka. Watu zaidi ya 800 walikusanyika kupinga ujenzi. Wenye nyumba za kupangisha waliogopa kwamba Waasia na weusi wangefurika Berkeley. Wengine walichukizwa na wazo la wanaume na wanawake kuishi chini ya paa moja, na zaidi la watu wa rangi tofauti kuishi pamoja. Katika mkutano huo aliyesimama kuitetea International House ni Delilah Beasley, mwandishi mweusi wa gazeti la Oakland Tribune, ambaye mwaka 1919 alikuwa amechapisha kitabu cha historia ya watu weusi wa California. Alizungumza mbele ya umati uliokuja kukataa watu wa rangi yake.

Nyumba ilijengwa kwa dola milioni 1.8 za Rockefeller na kufunguliwa tarehe 18 Agosti 1930. Lilikuwa bweni la kwanza magharibi mwa mto Mississippi kuwaweka wanafunzi wa kike na wa kiume katika jengo moja. Chicago ilifuata mwaka 1932, na Paris ikapata Maison Internationale, pia kwa fedha za Rockefeller, mwaka 1936.

London ilikuwa na njia yake. Chama cha Wanafunzi Wakristo kilifungua Student Movement House mwaka 1917, ikawa kimbilio la vijana kutoka makoloni ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1932 ililelewa na Mary Trevelyan, binti wa kasisi wa Kianglikana, ambaye baadaye alianzisha International Students House, iliyofunguliwa mwaka 1965.

Kazi yarudi majumbani

Majengo yalipokua, swali likabaki: familia ya kawaida isiyo na tajiri wa kuifadhili ifanye nini? Jibu moja lilitoka kwa Bob Finley, mhubiri kijana wa Marekani aliyekuwa amehubiri Asia. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949, wamishonari walilazimika kuondoka China. Finley aliona kwamba wakati milango ya huko inafungwa, vijana kutoka Asia hiyohiyo wamejaa katika vyuo vya Marekani, na Wakristo wanapita mbele yao bila kuwaona. Mwaka 1953 alianzisha shirika la International Students Incorporated.

Tofauti na Edmonds, Finley alitaka Injili itangazwe waziwazi. Lakini chombo chake kilikuwa kilekile cha Florence na Harry: nyumba yenye chakula. Familia za waumini ziliombwa kuwa rafiki wa mwanafunzi mmojammoja, kumpokea anapofika, kumwonyesha duka na kituo cha basi, kumwita mezani siku za sikukuu. Utaratibu huu umeenea sasa katika makanisa mengi ya Marekani na Ulaya.

Mikondo hii miwili inaweza kujadiliwa sana, na imejadiliwa. Kwangu mimi mpaka uko wazi. Muumini ana haki ya kuisimulia imani yake nyumbani kwake, na mgeni ana haki ya kusikiliza au kutosikiliza na bado akaalikwa Jumapili ijayo. Mwanafunzi mwenye njaa asipewe wali kwa sharti la kuitikia amina. Ukarimu wenye sharti ni biashara, na vijana huitambua biashara haraka.

Watoto wetu nao walikuwa wageni

Katika miaka ya 1930 Mbiyu Koinange wa Kenya alisoma Columbia, chuo kilekile ambacho ngazi zake zilimkutanisha Edmonds na kijana wa Kichina. Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81 kutoka Kenya. Mamia wengine wa Afrika Mashariki walifuata mwaka 1960.

Miongoni mwao alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuwa akielekea chuo cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Katika kumbukumbu zake anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyokatazwa kukaa ndani ya mkahawa njiani kwa sababu ya rangi yao. Ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwaka 2004. Yule mwenye mkahawa hakujua ni nani aliyemfukuza mezani. Huo ndio uzito wa jambo hili: hatujui mgeni wetu atakuwa nani, na hatuna haki ya kusubiri tujue ndipo tumpokee.

Leo sisi ndio wenyeji. Vyuo vya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vina wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Congo, Burundi, Somalia na kwingineko. Mwaka 2023, vita vilipozuka Sudan, wanafunzi wa udaktari kutoka nchi hiyo walipokelewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ili waendelee na mafunzo. Wapo wanaotafuta chumba cha kupanga wakiongea Kiswahili cha kubahatisha, wanaotozwa bei ya mgeni, na ambao Krismasi au Idi huwakuta hosteli peke yao.

Tuna makanisa makubwa jirani na vyuo hivi. Tuna vikundi vya akina mama, jumuiya ndogondogo, kwaya na vijana wenye nguvu. Tunafunga safari ndefu kwenda kwenye mikutano ya injili, ilhali mataifa yanapanda daladala moja na sisi kila asubuhi. Maandiko yanatuagiza tumpende mgeni kwa sababu Israeli nayo ilikuwa mgeni Misri, na Yesu mwenyewe alisema kwamba anayemkaribisha mgeni anamkaribisha yeye.

Tuwaombe wachungaji na mapadre wa parokia zilizo karibu na vyuo waanze na hatua ndogo: daftari la familia zilizo tayari kumlisha mwanafunzi mmoja wa kigeni kila Jumapili kwa muhula mmoja. Haihitaji mfadhili wala jengo. Inahitaji mama na baba wa nyumba wakubaliane kuongeza sahani moja, na mmoja wao atoke kwenda kumtafuta wa kuila.