Seva ikiungua, salio lako linabaki wapi?

Swali hili huletwa mara kwa mara na wasikilizaji wetu: kompyuta ya kampuni ikiharibika, pesa za kwenye simu zinapotea? Mfumo ukipangwa vizuri, hazipotei, kwa sababu miamala hunakiliwa kutoka seva moja kwenda nyingine.

Chukua daftari la kikoba. Katibu anaandika kwenye daftari kuu, mhazini wa kitongoji cha pili anatunza nakala. Siku ya kwanza linanakiliwa daftari zima. Baada ya hapo inapelekwa mistari mipya tu, kwa mpangilio uleule. Seva nayo huandika kila muamala kwenye kumbukumbu ya mfululizo, na seva ya pili huisoma na kuirudia. Muamala huenda mzima au hauendi kabisa: ukimtumia dada yako 10,000, haiwezekani wewe ukatwe na yeye asiongezewe.

Kuna mfumo ambao seva kuu husubiri nakala ithibitishe kupokea. Ni salama, ila mtandao ukilegea wote mnasubiri. Mwingine hausubiri, nakala hufuata nyuma, mara nyingi kwa sekunde chache. Hapo ndipo unaweza kuona salio la zamani. Usikimbilie kutuma tena! Angalia kwanza taarifa ya miamala, maana ukituma mara mbili mfumo unahesabu mara mbili.

Kuweka mfumo huu si kazi kubwa kama kuulinda. Fundi hupima kila siku nakala imechelewa kiasi gani. Ikikatika muda mrefu, seva kuu hulazimika kutunza yote ambayo hayajachukuliwa, mpaka diski inajaa. Na nakala haiandikwi na mtu pembeni, la sivyo madaftari mawili yatapingana.

Tena nakala ya namna hii si akiba. Ukifuta jina kwa makosa, kosa nalo linanakiliwa. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kazi za waandika programu, alikuwa akirekebisha seva ya nakala iliyochelewa. Akafuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye nakala. Kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Nakala ilikwishafutwa, na akiba waliyoitegemea ilikutwa tupu. Kilichowaokoa ni picha ya data iliyopigwa saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio. Yaliyoandikwa katika saa hizo hayakurudi.