Mchujo, Alama na Siri: Maandalizi ya Mpiga Kura Nchini Kenya, 1961–1990

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza jinsi mpiga kura wa Kenya alivyotakiwa kujiandaa kwa uchaguzi wa mchujo, tangu mchujo wa mwaka wa 1961 hadi mlolongo ulipoachwa mwaka wa 1990. Tutashikilia kwamba maandalizi hayo yana mafunzo matatu: kujua uchaguzi unaofanyika ni wa namna gani, kumtambua mgombea katika karatasi ya kura, na kuitunza siri ya uamuzi. Historia yetu yadhihirisha kwamba funzo la tatu likiondolewa, mawili ya kwanza hayana faida kubwa.

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno kura lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walilitumia kwa maana hiyo. Mathalani, katika Matendo ya Mitume, Mathiya alipatikana kwa kura achukue nafasi ya Yuda. Siasa za karne ya 20 zililitwika neno hilohilo maana iliyo kinyume: siyo bahati iamuayo, bali nia ya mtu. Neno mchujo nalo latokana na kuchuja. Mwenye kuchuja tui hubakiza machicha katika kifumbu, naye ndiye ajuaye kipi kipite na kipi kibaki. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu kila uchaguzi wa mchujo ni hili: kifumbu kimeshikwa na nani?

Mwaka wa 1961 jibu la swali hilo lilitegemea kabila na rangi. Kufuatana na mapatano ya Lancaster House ya mwaka wa 1960, viti 33 vilikuwa wazi kwa wote, na viti 20 vilitengewa jamii za wachache: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Mgombea wa kiti kilichotengwa alipaswa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za jamii yake mwenyewe katika mchujo, kisha ndipo asimame mbele ya wapiga kura wote. Katika Bonde la Ufa, Michael Blundell alizidiwa na Ferdinand Cavendish-Bentinck miongoni mwa Wazungu, lakini alikivuka kiwango hicho. Kura za wote zilipopigwa, Waafrika wakiwa ndio wengi, Blundell akashinda. Mtu asiyeelewa kwamba hatua zilikuwa mbili, na kwamba kila hatua ilikuwa na wapiga kura wake, asingeweza kuyaelewa matokeo hayo. Hili ndilo funzo la kwanza.

Funzo la pili lilihusu kusoma. Miongoni mwa sifa zilizomruhusu mtu kujiandikisha mwaka huo ni kujua kusoma na kuandika lugha yake, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Sheria yenyewe basi ilikiri kwamba wazee wengi wangefika kituoni bila ya kujua herufi. Hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa alama, yaani picha iliyomtambulisha mgombea. Kumwandaa mpiga kura kukawa kumfundisha kuiunganisha picha na mtu, na mtu na ahadi zake.

Lakini picha haikosi maana yake yenyewe. Jirani zetu wa Tanzania walilitambua jambo hili mwaka wa 1965, katika uchaguzi wao wa kwanza chini ya chama kimoja. TANU iliwachuja wagombea hadi wakabaki wawili katika majimbo mengi, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Wagombea walitakiwa kuhutubia pamoja, kwa Kiswahili, bila kutaja kabila wala dini. Hata hivyo alama zilizungumza: jembe ni riziki ya mkulima, nyumba ni makao yake, na kila upande ulijua kulitumia jambo hilo. Pamoja na hayo, wapiga kura hawakukosa uamuzi wao wenyewe, kwani hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa.

Kwetu Kenya, mchujo ulipata uzito wa pekee tarehe 6 Desemba 1969. Chama cha KPU kilikuwa kimepigwa marufuku mwezi wa Oktoba, na kwa kuwa KANU kilibaki peke yake, aliyeshinda mchujo wa KANU alikuwa amekwisha kuwa mbunge. Mpiga kura aliyedhani kwamba huu ni uchaguzi wa mwanzo tu, na kwamba uchaguzi wenyewe ungefuata, alijinyima sauti yake. Waliotambua hivyo walitumia karatasi zao kwa ukali: wabunge wengi, pamoja na mawaziri kadhaa, walipoteza viti vyao. Nguvu hiyo ilitokana na siri. Mkulima aliweza kumshangilia waziri uwanjani asubuhi, na jioni akamnyima kura, bila chifu wala jirani kujua.

Siri hiyo ndiyo iliyoondolewa na mlolongo. Mwaka wa 1986 KANU iliamua kwamba katika mchujo wanachama wapange mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake, wahesabiwe. Viongozi wa dini, wakiwamo Askofu Henry Okullu na Askofu Alexander Muge, walipinga. Wenye kuutetea walisema kwamba mlolongo ni rahisi, wazi, na wamfaa asiyejua kusoma. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, maana kusimama hakuhitaji elimu. Lakini mchujo wa tarehe 22 Februari 1988 ulionyesha gharama yake. Mkopaji alisimama mbele ya macho ya mkopeshaji, na mfanyakazi mbele ya mwajiri. Aidha, mgombea aliyetangazwa kupata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja, bila kura ya siri. Na watu walipotawanyika kwenda makwao, hakikubaki kitu cha kuhesabiwa upya: karatasi hukaa sandukuni ikangoja hakimu, mstari haukai. Hivyo mlolongo mfupi uliweza kutangazwa kuwa mrefu, na aliyelalamika hakuwa na ushahidi ila kumbukumbu za macho yake. Manung'uniko yaliyofuata yalichangia katika uamuzi wa KANU wa Desemba 1990 wa kuuacha mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70.

Katiba ya mwaka wa 2010 imeiweka kura ya siri miongoni mwa haki za raia, na kifungu cha 86 chataka njia ya kupigia kura iwe nyepesi, sahihi na ya kuthibitika. Wepesi na siri havipingani, kama walivyodai watetezi wa mlolongo, endapo mpiga kura ameandaliwa mapema kwa lugha anayoielewa. Hapa walimu wa lugha wana wajibu. Maelezo ya mchujo yaandikwe kwa sentensi fupi. Yaseme ni nani aruhusiwaye kupiga kura, ni nafasi zipi zinazogombewa, alama itiwe wapi, na ni kosa gani linaloiharibu karatasi. Yasomwe kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma, na karatasi ya mfano ipitishwe mikononi mwao. Zaidi ya hayo, kila mmoja aambiwe waziwazi kwamba hapaswi kumjibu yeyote atakayemuuliza alimchagua nani, awe ni mumewe, chifu wake au mwajiri wake.