Mashujaa wa Sinema na Wenye Kuwamiliki

Vijana wetu wa Butembo na Beni wanawajua Spider-Man na Batman kama wanavyowajua wachezaji wa mpira. Walio wachache ndio wanaojua kwamba Kongo nayo ilikuwa na nyumba zake za sinema, zenye mashujaa waliorudi tena na tena, na kwamba wenye nyumba hizo walikuwa mapadri.

Baada ya vita ya 1939-1945 wamisionari walijenga studio tatu. Katika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alikuwa na Edisco-Films. Ndugu yake wa shirika lile lile, Padri Albert Van Haelst, alifanya kazi Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Jirani zetu wa Bukavu walikuwa na Africa Films ya Mapadri Weupe, chini ya Padri Roger De Vloo. Watu walikusanyika usiku mbele ya shuka jeupe, mashine ikavuma, na msimulizi akaeleza kwa lugha ya mahali mambo yaliyoonekana.

Hata kati ya watu wa Scheut wenyewe njia zilipishana. Van den Heuvel alichukua mboloko, yule paa mdogo mwenye akili wa hadithi za Kongo, akamfanya picha za kuchorwa. Van Haelst alitumia watu wawili: Matamata mnene na Pilipili mwembamba, wenye visa vya kuchekesha. Tazameni tofauti yake. Paa wa kuchorwa hazeeki wala hadai mshahara, naye alikwisha kupendwa kabla ya kamera kufika. Matamata alikaa katika uso na mwili wa mtu mmoja. Mtu huyo akiondoka, nani atachukua nafasi yake? Kwetu sisi mboloko alikuwa chaguo bora. Tena hakumfundisha mtazamaji kumcheka Mwafrika mwenzake mbele ya Mzungu.

Serikali ya Wabelgiji haikuwaruhusu Waafrika kutazama kila filamu. Kamati ilichagua kwanza. Lakini vijana wa Léopoldville katika miaka ya 1950 walijichagulia wenyewe: wakamchukua Buffalo Bill wa Marekani, wakajiita Bills, wakavaa na kutembea kama yeye. Padri mmoja wa Scheut, Jozef De Laet, aliwafuata huko huko waliko, hata akaitwa Père Buffalo. Hilo, tunadhani, lilikuwa jibu la busara kuliko filamu kumi.

Huko Marekani ugomvi ni wa fedha. Kampuni ya Marvel, ilipokuwa na shida, iliwauzia wengine haki za mashujaa wake. Spider-Man akaenda Sony mwaka 1999. Wale waliobaki iliwaleta mmoja mmoja kuanzia Iron Man, 2008, ikawakutanisha katika The Avengers mwaka 2012. Disney walikuwa wamekwisha kuinunua, 2009, kwa dola bilioni 4 hivi. Mwaka 2015 Sony wakakubali kumwazima Spider-Man. Warner, wenye Superman na Batman, walikuwa na haraka: Man of Steel 2013, na kufika 2017 wote walikuwa mezani pamoja katika Justice League, wageni hawajajuana. Mwaka 2022 waliwapa James Gunn na Peter Safran kuanza upya.

Marvel hao hao ndio wenye Black Panther, mfalme wa Afrika aliyebuniwa Marekani mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby. Filamu yake ya 2018 ilipata zaidi ya dola bilioni 1.3.

Na Matamata? Kazi ya studio za mapadri ilififia baada ya uhuru wa 1960. Mwaka 1996 Tristan Bourlard, Mbelgiji, alitengeneza filamu juu ya Matamata na Pilipili. Filamu nyingi za wamisionari zimehifadhiwa Ubelgiji, hata mtoto wa Butembo anayetaka kumwona Matamata lazima amtafute mbali kuliko Spider-Man.