UA WA BIBI (Sehemu ya 3): Tabora kabla ya pevingi na miashoki

Wale mlionisumbua inboksi kuulizia sehemu ya tatu, haya, imefika.

Sehemu mbili za kwanza tuliongelea sahani ya mtoto. Leo tunatoka nje, tunaangalia ua wa nyumba. Nitawarudisha nyuma zaidi ya miaka 160, kwa sababu mengi tunayohangaika nayo kliniki leo, bibi zetu wa Unyamwezi walikuwa na jibu lake hatua chache kutoka mlangoni.

Novemba 1857, Wazungu wawili, Burton na Speke, waliingia Kazeh, yaani Tabora hii hii yetu, wakiwa na msafara kutoka pwani. Walikuta vijiji vya Wanyamwezi, na vingi vimezungushiwa uzio mnene wa minyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani unaotoa utomvu mweupe. Ng'ombe hali minyaa, na ukata tawi ukalichomeka ardhini linaota lenyewe. Uzio wa bure, unaozidi kuwa mzito kila mwaka.

Sasa ndani ya uzio ule alikuwa nani? Hapa ndo historia ya vitabu huwa inaruka.

Vitabu vinawasifu wapagazi wa Kinyamwezi, na kweli walistahili. Mtu alibeba frasila mbili, kama kilo 32, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi miwili mpaka mitatu, halafu arudi. Wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno wakalenga kurudi kabla ya kilimo. Wapo wanawake waliosafiri pia na misafara, lakini wengi walibaki na watoto na wazee. Na msafara ukipita kijijini, chakula ulichonunua kilikuwa kimetoka mikononi mwa wanawake hao hao.

Mama aliyebaki peke yake na watoto hawezi kutegemea kitu kilicho mbali. Kwa hiyo chakula kilikaa karibu, na kilikaa kwa ngazi tatu.

Ngazi ya juu ni miti. Watu walipofyeka miombo kufungua shamba, hawakufyeka kila kitu. Waliacha mbula, mtonga, mkwaju, mfuru. Hiyo miti haikupandwa na mtu, ila iliachwa kwa makusudi. Matonga na mbula huiva kiangazi kikiwa kikali, wakati bustani imekauka na mvua ya Novemba bado iko mbali. Mtoto akirudi kuchunga anakuta kitu cha kutia mdomoni.

Ngazi ya chini ni mboga. Mgagani, mlenda na mchicha huota zenyewe mvua ikianza, hasa pale palipotupwa majivu na samadi. Mama mwenye akili hakuzing'oa kama magugu. Alipalilia kuzizunguka, akaacha chache zitoe mbegu za mwakani.

Ngazi ya tatu iko ghalani: nsansa. Majani ya kunde yanachemshwa, yanakaushwa, yanahifadhiwa. Ukipika unatia karanga zilizotwangwa, chakula kimekamilika.

Najua mtu ataniuliza, "Nesi, na miembe je? Si ndo sifa ya Tabora?" Kweli kabisa, lakini mwembe ni mgeni. Asili yake ni Asia, na hapa ulifika na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani. Waliweka makazi Tabora na Kwihara, wakapanda miembe, milimau na mipapai. Ile miembe mikubwa unayoiona kufuata njia ya zamani ya Bagamoyo mpaka Ujiji ni alama ya misafara. Tusisahau kwamba chini ya vivuli vile walipumzika wapagazi wa kulipwa, na walipita pia watu waliofungwa minyororo. Mashamba mengi ya matajiri wa hapa yalilimwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake. Ukimpa mtoto embe, mwambie na hilo akikua.

Kwa hiyo sisemi cha kigeni ni kibaya. Mahindi, mihogo, viazi vitamu na karanga navyo vilitoka mbali, Amerika. Bibi alipokea kila kilichomlisha. Ila alipokea akaongeza. Hakung'oa cha kwake.

Kung'oa kulikuja baadaye. Reli ilifika Tabora 1912 na mji ukapanuka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ikawa moja ya sehemu zake. Matrekta yaling'oa miombo, na kufikia 1951 serikali ilikuwa imeuacha mpango ule kwa hasara kubwa. Kisha ikaja tumbaku, ambayo kuikausha kunataka kuni, na kuni ni ile ile miti. Sasa hivi tunamalizia wenyewe: mtu akinunua kiwanja, kazi ya kwanza ni kusafisha. Mtonga chini, mbula chini. Kinachofuata ni pevingi, nyasi za kununua na miashoki mirefu isiyo na tunda la kula.

Jamani, ua ni wako, upendeze. Lakini mimi nakutana na upande wa pili wake: mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho meupe, damu iko chini, anakula ugali na mchuzi tu kwa sababu mboga ni ya kununua na hela leo haikutosha. Mgagani una madini ya chuma na vitamini A. Upike na karanga, maana vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue. Mpe na kipande cha embe ili vitamini C isaidie ile chuma kufyonzwa. Chai isiambatane na chakula chake, inazuia. Nsansa ukikausha, anika kivulini penye upepo, jua kali linaua vitamini.

Habari njema ni kwamba miti ya bibi imeboreshwa. Watafiti wa kilimo mseto, wakiwemo wa kituo cha Tumbi hapa hapa Tabora, walifanya kazi na wanakijiji kuchagua miti yenye matunda matamu na makubwa, wakaizalisha kwa kubebesha kama tunavyobebesha miembe. Mkusu wa mbegu unaweza kukuweka miaka kumi na zaidi bila tunda, wa kubebeshwa huzaa ndani ya miaka michache tu. Vikundi vya akina mama navyo vilifundishwa kutengeneza juisi na jamu za matunda haya. Kwa hiyo ukitafuta miche, uliza ya kubebeshwa.

Mpango wangu kwa kiwanja cha kawaida ni huu:
👉 Mti mmoja wa asili kwa kivuli na tunda. Kama upo tayari, usiukate.
👉 Mwembe au mlimau mmoja.
👉 Uzio wa mchongoma: una miiba, na matunda yake yanaliwa.
👉 Tuta la mgagani, mlenda na mchicha karibu na maji ya kuoshea vyombo.

Na tahadhari za nesi:
⚠️ Minyaa ni uzio mzuri ila utomvu wake unachoma macho vibaya. Penye watoto wadogo usiupande. Ukimwingia mtoto jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 mpaka 20, kisha hospitali haraka. Usimkamulie maziwa ya mama.
⚠️ Tonga lililiwe likiwa limeiva vizuri, na mbegu zake zisitafunwe. Mtoto mdogo mtolee mbegu kabisa, zinaweza pia kumkaba.
⚠️ Tunda la porini usilolijua, usimpe mtoto kwa kubahatisha. Muulize mzee anayelijua.

Na hilo la mwisho lina haraka. Miche inaweza kununuliwa, lakini nani atakuonyesha mbula ni upi na unaliwa lini? Mwenye bibi au mama mkwe aliye hai, wikiendi hii tembea naye porini au hata mtaani, umuulize majina. Niandikieni hapa chini mlichoambiwa: jina, tunda linaiva mwezi gani, na kwenu lililiwa vipi. Sehemu ya 4 nitaanza na majibu yenu.